Hewa Ibebayo Gari: Kiasi cha Upepo Kifaacho Matairi ya Gari la Familia

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, magari madogo mengi hutoka Dar es Salaam kuelekea mikoani. Katika siku nyingine za mwaka magari hayo hubeba mtu mmoja au wawili, kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi. Siku ya safari hubeba baba, mama na watoto watatu, mabegi yamejaa katika buti, na pengine gunia la mchele limefungwa juu ya paa. Jioni ya kuamkia safari gari hupelekwa kwenye kituo cha petroli. Tangi hujazwa, oili hupimwa, maji ya rejeta hutazamwa. Kisha hufika zamu ya matairi, na hapo husikika ushauri uliokwisha kuwa kama sheria: safari ni ndefu, jua ni kali na lami itakuwa ya moto; basi na upunguzwe upepo kidogo, ili hewa ikitanuka kwa joto tairi lisije likapasuka.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na mwanzo wake ni wa kweli. Hewa iliyofungiwa mahali pamoja, ikipata joto, husukuma kuta za chombo chake kwa nguvu zaidi. Lakini hitimisho lake ni kinyume kabisa cha hali ilivyo. Tairi la gari dogo lipasukalo katika barabara kuu mchana wa jua, mara nyingi zaidi huwa limeponzwa na uchache wa upepo kuliko wingi wake. Kwa hiyo kupunguza upepo wakati gari limejaa watu na mizigo ni kuliandaa lile lile liogopwalo. Ili kuona kwa nini mambo ni hivyo, hapana budi kuanza na swali ambalo huonekana kuwa la kitoto: ni kitu gani hasa kinachobeba gari?

Kazi ya hewa

Aghalabu mtu huona gurudumu na kudhani kuwa mpira ndio ubebao uzito. Ukweli ni kwamba mpira hubeba sehemu ndogo tu. Kazi yake kubwa ni kuizuia hewa isitoke na kustahimili msuguano wa barabara. Uzito wenyewe hubebwa na hewa, ambayo mafundi huiita upepo. Robert William Thomson, Mskoti, alilitambua jambo hili mapema, akapata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845. Wakati huo hapakuwa na magari wala baiskeli za kulihitaji, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, aliuvumbua upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya hewa katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Hewa iliyomo ndani ya tairi hupimwa kwa kanieneo, yaani nguvu ya msukumo juu ya kila kipande cha eneo. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki kipimo kitumikacho ni ratili kwa kila inchi ya mraba, na fundi asemapo “thelathini” huwa na maana ya ratili 30. Sasa na lichukuliwe gari lenye uzito wa kilo 1,000, uzito huo ukiwa umegawanyika sawasawa, yaani kilo 250 kwa kila gurudumu. Kilo 250 ni karibu ratili 550. Ikiwa kila inchi ya mraba inasukuma juu kwa ratili 30, basi zinahitajika inchi za mraba 18 hivi kuubeba uzito huo, au sentimeta za mraba zipatazo 120. Eneo hilo halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Magurudumu yote manne yakijumlishwa, sehemu inayogusa barabara huwa ndogo kuliko karatasi moja ya kupigia chapa. Juu ya karatasi hiyo hutegemea kila kitu: breki, usukani, kona, na uhai wa wote waliomo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ifichuayo ubaya wa upepo mchache. Uzito wa gari haupungui kwa sababu hewa imepunguzwa. Kanieneo likishuka, eneo la kugusa halina budi kuongezeka ili uzito ule ule ubebwe. Tairi hulazimika kujilaza zaidi chini, na likijilaza, mbavu zake hujikunja. Kila sehemu ya ubavu hujikunja ifikapo chini, kisha hujinyosha ipandapo juu. Gurudumu la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Basi kila ubavu hukunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 400,000 katika safari moja.

Yeyote aliyepata kukata waya kwa kuupinda huku na huku anajua kwamba waya hupata moto mahali pa kupindwa kabla haujakatika. Mpira nao una tabia inayofanana na hiyo. Ukipindwa huchukua nguvu, na ukiachwa huirudisha, lakini haurudishi yote. Sehemu fulani hubaki ndani yake na kugeuka kuwa joto. Tena mpira haupitishi joto upesi, kwa hiyo joto hilo hukusanyika mahali pabaya kuliko pote, katikati ya matabaka, pale nyuzi za chuma zilipoungana na mpira. Muunganiko huo ulifanywa kiwandani kwa moto na shinikizo. Ukipata moto kupita kiasi kwa saa nyingi hulegea, matabaka yakaanza kuachana, na hatimaye uso wa tairi hubanduka au ubavu hupasuka. Vipande virefu vya mpira vionekanavyo kando ya barabara kuu, ambavyo wapita njia huvidhania kuwa ni ngozi ya tairi lililojaa mno, vingi vyake ni mabaki ya kazi hii ya joto la ndani.

Jua na lami huongeza joto, hilo halikanushiki. Lakini mzalishaji mkuu wa joto ni tairi lenyewe linapojikunja, na mwenye kupunguza upepo amemwongezea kazi mzalishaji huyo.

Je, hofu ya hewa kutanuka ni ya uzito gani? Tairi likijazwa ratili 32 alfajiri, halijoto ikiwa nyuzi 25 za Selsiasi, kisha hewa ya ndani ikapanda hadi nyuzi 55 kwa mwendo wa barabara kuu, geji itaonyesha karibu ratili 37. Nyongeza ni ratili tano. Tairi zima lisilo na jeraha limeundwa listahimili kanieneo lililo mara kadhaa ya hilo. Na mtengenezaji wa gari alikwisha kuihesabu nyongeza hiyo tangu awali. Ndiyo sababu kiasi anachokiandika ni cha tairi lililopoa. Kuna jambo la kupendeza hapa. Joto likiongeza kanieneo, tairi hukakamaa, na likikakamaa hujikunja kidogo zaidi, likazalisha joto dogo zaidi. Baada ya muda joto linalozalishwa hulingana na lile linalochukuliwa na upepo wa njiani, na tairi hutulia. Dereva asimamaye njiani na kutoa upepo kwa sababu tairi “limejaa” huiondoa kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Ulimwengu ulikumbushwa mambo haya kwa gharama kubwa mwaka 2000. Mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni ya Firestone ilitangaza huko Marekani kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya aina ya Ford Explorer. Nyuso za matairi hayo zilikuwa zikibanduka katika mwendo wa kasi, na watu zaidi ya 200 walikufa. Chanzo hakikuwa kimoja, na kampuni hizo mbili zilishindana vikali juu yake. Umbo la tairi, utengenezaji wake na gari lenyewe vyote vilichunguzwa. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni tarakimu moja ndogo: Ford alikuwa amependekeza ratili 26, naye Firestone akasema zinafaa 30. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosababisha magari madogo mapya nchini humo kuwekewa kifaa cha kumwonya dereva upepo unaposhuka, jambo lililokamilika kwa magari ya mwaka 2008. Hata hivyo, taa hiyo hailazimiki kuwaka mpaka upepo upungue kwa robo nzima. Gari linalotakiwa kuwa na ratili 32 laweza kwenda na 26 bila onyo lolote.

Joto na mlima

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hutoa somo jingine la hewa, na somo hili huwashangaza hata baadhi ya madereva wa siku nyingi. Dar es Salaam iko kwenye usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mwinuko wa meta zipatazo 1,700. Geji ya upepo haipimi kanieneo lote lililomo ndani ya tairi. Hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Kule pwani hewa ya nje husukuma kwa ratili 14.7 juu ya kila inchi ya mraba. Kule Mbeya, kwa kuwa sehemu ya anga imeachwa chini, husukuma kwa ratili 12 hivi. Kwa hiyo tairi lililojazwa ratili 32 Dar es Salaam, kama halijoto isingebadilika, lingeonyesha zaidi ya 34 Mbeya bila kuongezwa chochote.

Lakini halijoto hubadilika. Alfajiri ya Desemba ambayo Dar es Salaam ina nyuzi 25, Mbeya yaweza kuwa na nyuzi 14. Baridi hupunguza kanieneo kwa karibu ratili moja na nusu kwa kila nyuzi 10. Mwinuko huongeza, baridi hupunguza, na mambo hayo mawili karibu yafutane: tairi la ratili 32 la Dar es Salaam, likipimwa alfajiri ya pili huko Mbeya, huonyesha 33 au pungufu kidogo ya hapo. Msafiri hana haja ya kufanya lolote. Hali ni hiyo hiyo kwa atokaye Mombasa kwenda Nairobi.

Sasa na afuatwe yule aliyesimama Morogoro adhuhuri, akakuta geji inaonyesha 37, akaogopa, akatoa upepo hadi 32. Akiwa Morogoro ameridhika. Alfajiri yake Mbeya, matairi yakiwa yamepoa, yana ratili 28. Baada ya sikukuu hupakia upya, safari hii na viazi na ndizi za shamba, akaanza kuteremka. Hewa ya nje huzidi kuwa nzito kadiri anavyoshuka, na geji yake ya kweli, kwa tairi lililopoa, huzidi kushuka. Afikapo pwani ana ratili 27 tu. Ameshuka mteremko wa Kitonga na familia nzima, gari likiwa zito kuliko siku zote za mwaka, na matairi yakiwa na upepo mchache kuliko siku zote za mwaka. Hakuna tairi lililotoboka wala fundi aliyemdanganya. Upungufu wote aliutengeneza mwenyewe Morogoro kwa dakika mbili.

Desemba ni mwezi wa mvua pia katika sehemu kubwa ya njia hiyo, na upepo mchache una hatari yake ndani ya maji. Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, walipochunguza matairi ya ndege katika miaka ya 1960 waligundua kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kanieneo lake. Kwa kanuni yao, tairi la ratili 30 huweza kuelea kwenye maji ya kutosha kwa mwendo wa kilomita 91 hivi kwa saa. La ratili 20 huelea kwa kilomita 74. Tairi la gari si la ndege, na kina cha kashata, yaani mifereji iliyochongwa usoni, kina uzito mkubwa katika jambo hili. Kwa hiyo tarakimu hizo zisichukuliwe kama mpaka wa usalama. Bali mwelekeo wake ni wazi: tairi lililolegea huyaachia maji nafasi mapema zaidi.

Wapo pia wenye kosa la upande wa pili. Huweka ratili 40 na kitu kwa kutaka kuokoa petroli, au kwa kudhani kwamba tairi gumu ni imara. Sehemu ya kugusa barabara hupungua, breki hupoteza mshiko, na katika barabara ya changarawe gari hurukaruka hata usukani ukawa mwepesi mno. Uso wa tairi huliwa katikati, ilhali tairi la upepo mchache huliwa pembeni kote kuwili. Petroli iokolewayo ni kidogo: Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kila ratili moja iliyopungua katika matairi yote manne hupunguza mwendo upatikanao kwa petroli ile ile kwa 0.2 tu katika kila mia. Haifai kuhatarisha breki kwa kiasi hicho.

Kibandiko cha mlangoni

Kiasi sahihi hakipatikani kwa kubahatisha, wala hakiko katika ubavu wa tairi. Tarakimu iliyoandikwa ubavuni, pamoja na neno la Kiingereza lenye maana ya “upeo”, ni mpaka ambao tairi hilo lisivushwe. Mtengenezaji wa tairi hajui litafungwa katika gari gani. Anayejua ni mtengenezaji wa gari, naye ameandika kiasi chake katika kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tundu la petroli. Mara nyingi hutaja viwango viwili, kimoja cha gari lenye watu wachache na kingine cha gari lililojaa, na katika kiwango cha pili matairi ya nyuma huongezwa zaidi, kwa kuwa buti na kiti cha nyuma huyalemea hayo. Safari ya Desemba ni ya kiwango cha pili.

Magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na kibandiko chake huwa cha Kijapani. Tarakimu hata hivyo husomeka. Ikiwa imeandikwa 220 mbele ya herufi kPa, hiyo ni kilopaskali. Igawanywe kwa 7 na kuongezwa kidogo, itapatikana karibu 32. Ikiwa ni 2.2, ni kilo kwa sentimeta ya mraba, nayo huzidishwa kwa 14 na kuongezwa kidogo vile vile. Tahadhari moja: kiasi hicho ni cha matairi ya ukubwa uliotajwa katika kibandiko hicho hicho. Aliyefunga matairi ya ukubwa mwingine amwulize muuzaji mwenye jedwali la uzito wa matairi hayo.

Jicho halitoshi kupima. Tairi la kisasa lenye mzingo wa waya huvimba kidogo ubavuni hata likiwa na upepo kamili, na lile lililopungukiwa ratili sita hufanana nalo sana. Kulipiga teke hakusaidii kitu. Geji za vituoni nazo huangushwa sakafuni kila siku, na ni nadra kukuta mbili zinazokubaliana. Geji ndogo ya mfukoni, ikitunzwa, ni bora. Kipimo kichukuliwe nyumbani alfajiri, kabla gari halijakwenda. Ikiwa geji ya nyumbani inaonyesha 28 na zinatakiwa 33, upungufu ni tano. Kituoni, hata kama matairi yamekwisha pata moto njiani, ziongezwe tano juu ya tarakimu yoyote itakayosomeka huko.

Kazi hiyo irudiwe kila mwezi, kwa sababu hewa hupenya katika mpira wenyewe polepole, kwa kadiri ya ratili moja kwa mwezi, hata pasipo tundu. Nitrojeni iuzwayo katika baadhi ya gereji za mijini hupenya polepole zaidi, lakini hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa sehemu 78 katika kila mia, na anayelipia hizo zilizobaki bado atahitaji geji.

Limebaki tairi la akiba, ambalo siku ya safari hulala chini ya mizigo yote. Katika magari mengi madogo ni tairi jembamba la muda, na kiasi chake si sawa na cha mengine: huhitaji kilopaskali 420, yaani ratili 60. Lipimwe kabla buti halijapakiwa.